Nilivyofanywa Mjane na Mume Wangu Yuko Safarini

Aibu hii naisema mwenyewe leo, na naisema kwa hasira, kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa kwenye harusi na mazishi na watu ambao siku hiyo walikuwa bado hawajazaliwa, wengine wakinisimulia mimi mwenyewe nikiwa nimekaa hapo hapo, ati nilirukwa na akili, ati nilikuwa mke wa tatu, ati mume wangu alifufuka. Hakuna mtu aliyefufuka. Mimi nilinyolewa kichwa, basi, na hayo mengine yote yalifanywa na watu wa Kibera. Sikusoma sana (darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza), lakini nyumba ninazopangisha hapa Kawangware nimezijenga mwenyewe na kalamu nashika, kwa hivyo nyamazeni niandike vile ilivyokuwa.

Miaka ile ya sabini nilikuwa naishi Kibera, upande wa Kisumu Ndogo, nikiuza omena, wale dagaa wa ziwani. Jina langu ni Rusalia lakini wote walikuwa wakiniita Mama Okoth. Mume wangu, Owino, alikuwa gadi wa treni za mizigo, yule mtu anayekaa behewa la mwisho na bendera na taa, akienda Mombasa anarudi wakati treni imeamua kurudi.

Mambo ya sinema yaliletwa na hiyo omena. Nilikuwa naipeleka kwa wachonga mawe wa kware moja nyuma ya Kawangware, machimbo makubwa ya mawe ya kijivu yasiyo hata na jani, na siku moja nikakuta Wazungu wamejaa huko na makamera yao, wanatengeneza sinema ya watu wa nyota, zile za vyombo vinavyoruka angani na wanaume wamevaa chupa kichwani. Ile kware ukiipiga picha vizuri, walisema, hakuna atakayejua ni dunia hii. Mkubwa wao akaniona nikipita na karai kichwani, shingo imenyooka, mikono haishiki kitu, akasema watu wa nyota hutembea hivyo hasa. Aliyenitafsiria ni Baba Wangari, Mkikuyu mwenye shamba lililopakana na kware, ambaye alikuwa amewakodishia mahali pa kuweka vitu vyao. Mimi nilidhani natukanwa. Kumbe naandikwa kazi.

Picha ya kwanza nilipita tu nyuma ya watu, chombo kinalipuka, wanaume wanaanguka, mimi napita. Picha ya pili wakanipa umalkia. Nilikuwa malkia wa nyota ambayo jina lake sikuweza kulitamka na hata leo siwezi, na nina wajakazi wawili, Wanjiru na Njoki, wasichana wa Kawangware. Kazi ile niliipenda, sitaficha. Sokoni mtu alikuwa akinishika mkono nimpunguzie bei hata kabla hajanisalimia, lakini pale kware nikianza kushuka yale mawe na lile joho langu, wanaume wazima walikuwa wakinyamaza mpaka nifike chini.

Owino alinikubalia, lakini kwa sharti. Alikuwa na kaka yake mkubwa, Ogutu, seremala wa Laini Saba kando ya reli, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa chama cha mazishi cha watu wa kwao hapa Nairobi, na huyo Ogutu alikuwa akimcheka kila Jumapili ati mke wake anapakwa rangi na Wazungu. Basi Owino akaniambia, na hakupandisha sauti, "Cheza. Lakini siku kazi hiyo itanitia aibu mbele ya ndugu yangu, utachagua, sinema au nyumba hii." Nikasema sawa. Nilijua anamaanisha, kwa sababu Owino alikuwa mtu wa maneno machache na hayo machache hakuwa akiyarudisha.

Sasa sikieni uamuzi mdogo ulioniua. Watu wa nyota ile hawakuwa na nywele, kwa hivyo tulikuwa tukivaa kofia za mpira zinazobana kichwa chote, juu yake unapakwa unga wa kijivu unaong'aa mpaka usoni. Kofia ile kwenye jua la kware ilikuwa ni kama kuvaa sufuria ya uji. Lakini si joto lililonishinda. Ilikuwa ikikunjamana hapa nyuma ya shingo, na yule mama Mzungu wa kupaka rangi alisema inaharibu shingo yangu, shingo ambayo ndiyo waliyoniajiri kwayo (na mimi, mjinga, nikaisikia hiyo sifa mpaka kwenye magoti). Akasema kesho malkia anasema maneno, kamera itakuja karibu kabisa, kwa nini nisinyolewe tu, nywele si huota. Wanjiru na Njoki walikataa. Mimi nikakaa juu ya jiwe, nikasema leta wembe.

Kwa asiyejua niseme. Kwetu Wajaluo, siku zile, mwanamke aliyeolewa hakuwa ananyolewa kwa wembe mpaka kichwa kinang'aa isipokuwa amezika mume. Mimi nilijua hayo kama ninavyojua jina langu. Nilijiambia ni mambo ya kazi, nitafunga kitambaa, Owino yuko Mombasa, nani ataona.

Kweli nilifunga kitambaa nikatoka Kawangware kwa miguu mpaka sokoni Kisumu Ndogo bila mtu kuniuliza chochote. Rangi ilikuwa imekataa kutoka vizuri, uso umebaki na vumbi la kijivu, macho mekundu kwa sababu ya gundi ya kushikizia ule unga. Nikafika kwenye meza yangu, gunia la omena liko hapo linanisubiri nilipeleke nyumbani, na mwenzangu wa meza ya pili, Mama Akinyi, akasema atanisaidia kulitwika. Na mtu akitaka kujitwika gunia anafanya nini? Anafungua kitambaa chake anakisokota kiwe ngata ya kuweka kichwani. Mkono wangu umefanya hivyo tangu nikiwa mtoto, haukuniuliza. Nikavua kitambaa katikati ya soko, jua la alasiri linapiga, nikaanza kusokota.

Mama Akinyi aliniangalia kichwa, akaniangalia lile jivu usoni, akaniangalia macho. Halafu akapiga nduru. Na wa pembeni yake akapiga, na wa samaki wabichi, na wa mboga, soko lote likawaka.

Hapa ndipo watu hunicheka zaidi, na wacha wacheke. Nilisikia nduru na mimi nikapiga nduru. Ungefanya nini? Kwetu mwenzako akilia msiba unalia naye, kuuliza ni nani kunakuja baadaye, ukianza kwa kuuliza unaonekana huna utu. Nikaweka mikono juu ya kichwa, hicho hicho kipara, nikalia kwa nguvu zangu zote, nikazunguka meza, nikagaragara kidogo, na nikilia nafikiria, maskini, nani huyu ametutoka. Nilipochoka ndipo nikamshika Mama Akinyi, nikamwuliza nani amekufa.

Akanikumbatia. "Usiulize hivyo, Mama Okoth," akasema. "Jipe moyo. Utarukwa na akili."

Jaribu kuwaeleza. Niliwaambia ni sinema, wakasema pole. Niliwaambia ninyi, mimi ni malkia wa nyota, nimenyolewa kwa sababu ya shingo, na nilipoyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu hata mimi nikaona ni ya mtu aliyerukwa. Wakanishika wawili huku wawili kule, wakanipeleka nyumbani, wakanikalisha chini kwenye mkeka, mmoja akakaa mlangoni nisije nikakimbia. Kabla sijamaliza kikombe cha uji walichonilazimisha, ilikuwa imejulikana kwamba treni ya mizigo imeanguka. Baadaye kidogo ikajulikana imeanguka kwenye daraja. Mtu mmoja akasema shemeji yake ameliona hilo daraja.

Ogutu akaja. Nilifurahi kumwona, mniamini, nikafikiri huyu ni ndugu wa damu, huyu atauliza maswali. Hakuuliza hata moja. Alilia akizunguka nyumba kama inavyotakiwa, akatoa jasho, akaingia ndani, akaketi kwenye kiti cha Owino, kile kiti ambacho hata mimi sikuwa nakikalia. Nikamwambia, shemeji, Owino hajafa, nenda stesheni ukaulize. Akasema ameshapiga simu wamethibitisha. Simu gani? Ogutu hakujua hata simu inashikwa upande gani. Alichotaka ni msiba, maanake mwenyekiti wa chama cha mazishi ambaye hajafiwa muda mrefu watu huanza kumsahau. Akatuma tangazo la kifo liende likasomwe kwa redio. Halafu akaichukua redio yetu, ile Owino aliyoileta Mombasa akiwa ameipakata kama mtoto, akasema ni lazima awe nayo ili asikie tangazo likisomwa. Akachukua na baiskeli, sijui baiskeli ilikuwa isikie nini. Na alipokuwa anatoka akaniangalia pale chini nilipokaa, akasema nisiwe na wasiwasi, nyumba ya ndugu yake haitakosa mwanaume, naye hatatafuta mbali. Mama Akinyi akaitikia kwamba hayo ndiyo maneno ya mtu mzima. Ningekuwa na kitu mkononi siku hiyo, leo ningekuwa nawaandikia kutoka jela.

Kulipokucha uwanja wetu ulikuwa umejaa. Viti vimeazimwa kanisani, sufuria zimetoka Makina kwa jirani Waislamu wenye moyo safi, na Ogutu amefika na jeneza. Alikuwa amelitengeneza usiku, mbao nzuri, misumari mipya, analionyesha kwa kila anayekuja kutoa pole jinsi alivyolipiga randa. Mimi niko kwenye mkeka nimewekewa ulinzi, na kitu kimoja tu kinanizunguka kichwani. Owino yuko njiani. Akinikuta hivi nimekwisha, maanake huku kama si kutiwa aibu mbele ya ndugu yake ni nini?

Ndipo ikaja Land Rover. Watu wa sinema walikuwa wamenisubiri kware, malkia haonekani, kwa hivyo wakamtuma Baba Wangari na dereva wanitafute, na kwa sababu wajakazi wangu walikuwa wameshavaa na kupakwa, wakaja nao wakidhani tutapita moja kwa moja kazini. Mlango ukafunguliwa, wakashuka Wanjiru na Njoki, vichwa vinang'aa vipara, nyuso za kijivu, mashuka meupe mpaka chini.

Uwanja mzima ukageuka kuwatazama. Halafu nikamsikia Mama Akinyi, polepole, "Kumbe Owino alikuwa na wengine Kawangware."

Nduru zikaanza upya, mara tatu. Baba Wangari alijaribu kueleza, lakini nani atamsikiliza Mkikuyu aliyeleta wajane wawili kwa gari? Waliona ni baba mkwe. Ogutu mwenyewe aliwapokea wale wasichana kwa heshima, akawaonyesha mkeka, akawapanga nyuma yangu, mke wa pili na mke wa tatu, na akawauliza wana watoto wangapi. Njoki, ambaye alikuwa bado hajachumbiwa, akaanza kulia machozi ya kweli. Mama Akinyi akaniinamia akaninong'oneza ati nisiwachukie, makosa si yao.

Sikuona Owino akiingia. Niliona watu wakitoka. Kwanza wazee wa chama, halafu kwaya, viti vinaanguka, mama mmoja akapita na sufuria ya chai yangu na hakuirudisha mpaka leo. Treni yake ilikuwa imeingia asubuhi hiyo, akakaa kwenye kibanda cha chai nje ya stesheni, na hapo kwenye kibanda, kikombe kiko mdomoni, redio ikasoma jina lake, la baba yake, la mke wake na la mwenyekiti Ogutu anayewatangazia jamaa na marafiki. Akamaliza chai yake. Akafuata reli mpaka Laini Saba, akapanda mpaka kwake.

Alisimama katikati ya uwanja na lile sanduku lake la safari.

"Nimesikia nimekufa," akasema. "Nimekuja kusaidia kuzika."

Ogutu alikuwa nyuma ya jeneza, si kwa kujificha, ati alikuwa analishika lisianguke. Owino akalizunguka lile jeneza, akalala kando yake juu ya nyasi na sare yake ya kazi, miguu akainyoosha, ikapita ukingo wa jeneza kwa mkono mzima. Akainuka, akajipangusa.

"Ogutu, hata urefu wangu huujui?" Halafu akatugeukia sisi watatu kwenye mkeka. "Na hawa ni nani?"

"Ni wake zako," akasema Mama Akinyi kutoka nyuma ya choo.

Hapo Wanjiru, Mungu ambariki, akasimama, akaingiza vidole shingoni, akaivuta ile kofia ya mpira ikatoka yote na nywele zake zikafumuka. Waliokuwa wamebaki nao wakakimbia. Akampa Owino ile kofia mkononi, akamweleza kwa Kiswahili kizuri mambo yote, sinema, malkia, unga wa kijivu. Nikaona uso wa mume wangu unalegea, nikajua nimepona. Akaipindua ile kofia, akaangalia ndani, akaangalia nje. Halafu akaangalia kichwa changu.

"Wenzako walivaa hii," akasema. "Wewe kwa nini hukuvaa?"

Ningemwambia nini, kwamba inakunjamana? Nilikaa pale chini kwenye mkeka wa msiba, mume wangu mzima amesimama mbele yangu, nimemnyolea ujane angali hai kwa ajili ya shingo yangu. Nilisema, "Ilikuwa inaniharibu shingo." Na mtu mmoja akacheka kutoka huko walikojificha. Nilijua ni nani na nilimnyima omena miaka mingi.

Owino akasema nilikumbuke lile sharti. Kwa desturi hawezi kulala nyumba moja na mke aliyenyolewa hivyo, akasema, kwa hivyo anakwenda kukaa kwa rafiki yake Makina, na mimi nikae nichague. Akachukua sanduku, akaondoka, Ogutu anamfuata nyuma akimweleza habari ya simu. Mimi nikainuka. Sikukaa nichague. Nilikuwa nimejaa hasira, si kwa Owino, kwa wote, kwa wale waliolia bila kuuliza na mimi nikiwemo, na zaidi kwa yule seremala. Nikapanda Land Rover nikaenda kazini.

Malkia alitakiwa kumwambia maneno mwanaume mmoja wa dunia aliyepiga magoti na chupa yake kichwani. Wazungu walisema niseme lolote kwa lugha yetu, ati ndiyo itakuwa lugha ya nyota. Nikashuka yale mawe. Kamera ikaja karibu. Nikamwangalia yule Mzungu kwenye chupa, nikamwona Ogutu, nikayasema yote kwa Kijaluo, kwa jina lake. Walipiga makofi. Mkubwa wao alifuta macho, akasema hajawahi kuona ufalme kama huo.

Nywele ziliota, Owino hakurudi. Alikuwa akileta unga na sukari, anaweka mlangoni, anauliza habari za mtoto, anarudi Makina. Mpaka ile picha ikaja kuonyeshwa mjini. Watu wetu walijaza viti vya mbele vya bei rahisi, na Ogutu alikuwa katikati yao, amevaa tai, alikuwa ameshaanza kujisifu ati shemeji yake ni malkia. Owino alikaa nyuma peke yake. Nilimwona nikaona bora ningebaki nyumbani.

Nikatokea, mkubwa kama nyumba. Nikafungua mdomo. Chini waliandika kwa Kizungu kwamba malkia anawakaribisha wageni kwa amani, na juu mimi nasema, "Ogutu, rudisha redio ya watu. Unaiba kwa marehemu na marehemu mwenyewe hujampata. Kiti cha ndugu yako kitakuchoma makalio."

Halafu kutoka nyuma kabisa nikasikia kicheko cha mtu mmoja, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya siku ile ya matanga, halafu ukumbi wote ukaanguka. Ogutu alitoka akiwa ameinama, ati asiuzibe mwanga wa sinema. Nje, Owino alinisubiri mlangoni. Akasema nilisahau baiskeli. Tukaenda nyumbani, na habari ya kuchagua hakuirudia tena. Ogutu aliitisha wazee ati nimemtukana mbele ya dunia nzima, wazee wakamwuliza alitukanwa na nani, akasema na malkia wa nyota, wakamwambia aende akamshtaki huko huko.

Niliendelea na kazi hiyo mpaka Wazungu wale wakaacha kuja, nikacheza malkia, mchawi wa mwezi, na mara moja mashine yenye sauti ya mwanamke. Kila picha walinitajia wembe na kila picha nikawaambia leteni kofia, ikunjamane ikitaka.

Owino alikufa miaka kadhaa baadaye, safari hii kweli, kwa kifua, mimi nimemshika mkono. Tulimzika kwao. Baada ya siku zinazotakiwa wakaja wanawake wa ukoo na beseni la maji na wembe, na Ogutu mzee nyuma yao na fimbo, kuhakikisha. Niliwaambia mtu huyu nilishanyolewa kwa ajili yake, uwanja ulijaa, jeneza lilikuwepo, nduru mlipiga ninyi wenyewe na redio ikatangaza. Kama ilikuwa bure hiyo ni shauri yenu, mimi sinyolewi mara mbili kwa mume mmoja. Waliogopa laana, wakaniomba, mmoja akalia. Nikawaambia wamwage yale maji.

Nilikaa matanga yangu yote na nywele kichwani, na nilimlilia Owino kuliko wote waliokuwa pale.